Nauli ya Kufika kwa Daktari

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, ilianza kuwafanyia upasuaji wanawake wenye fistula ya uzazi. Matibabu yalikuwa bure. Kitanda bure, chakula bure, dawa bure. Madaktari walikuwepo, na wagonjwa nchini walikuwa maelfu: makadirio yaliyokuwa yakitajwa ni kwamba kila mwaka wanawake kati ya 2,500 na 3,000 zaidi walikuwa wakipata tatizo hilo. Mtu angetarajia foleni ifike barabarani. Haikufika. Waliokuja walikuwa wachache kuliko ambao hospitali ingeweza kuwatibu.

Hali hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu wengi wanaofikiria habari za afya huishia hapo. Hospitali ikijengwa, mganga akipatikana na ada ikifutwa, kazi inahesabiwa imekwisha. Viongozi hukata utepe, picha hupigwa, wananchi huambiwa kwamba sasa huduma ipo. Lakini huduma iliyopo Msasani haipo Sumbawanga. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 1,000, na mwanamke anayehitaji upasuaji huo karibu siku zote ni yule ambaye hata nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya humsumbua.

Fistula, au nasuri ya uzazi kama wengi wanavyoiita Kenya, ni ugonjwa wa umbali. Uchungu unapodumu siku mbili au tatu na mtoto hawezi kupita, kichwa chake hukandamiza nyama laini zilizo kati yake na mifupa ya nyonga ya mama. Damu haipiti. Nyama hizo hufa, na baada ya siku kadhaa hudondoka, zikaacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mtoto kwa kawaida huwa amezaliwa mfu. Mama anarudi nyumbani bila mtoto na mkojo unamtoka usiku na mchana bila yeye kuuzuia. Mwanamke aliyejifungulia karibu na chumba cha upasuaji hapati haya, kwa sababu uchungu ukigoma atapasuliwa siku ileile. Ndiyo maana Ulaya ugonjwa huu umebaki kwenye vitabu vya historia ya tiba, huku Umoja wa Mataifa ukikadiria kwamba wanawake wapatao nusu milioni duniani bado wanaishi nao, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara na Asia.

Safari ya mgonjwa kama huyu kwa basi ina mateso yake. Anajifunga kanga juu ya kanga, chini yake ametandika matambara au nailoni. Tangu jana yake hajanywa maji, akiamini kwamba akikauka hatalowesha kiti. Kinachotokea ni kinyume: mkojo unakuwa mkali zaidi, unamchoma mapajani, na harufu inazidi. Abiria wa jirani anaanza kugeuka geuka. Kondakta anaitwa. Wapo wanawake walioteremshwa njiani, na wapo ambao baada ya kuteremshwa mara moja hawakujaribu tena. Kwa miaka mingi pia mabasi ya Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku, hivyo aliyetoka mikoa ya pembezoni alilazimika kulala njiani, stendi au gesti. Hizo ni gharama za ziada, na aibu ya kulowesha godoro la watu.

Wauguzi wa wodi za fistula humwambia mgonjwa jambo lilelile tangu anapopokewa: kunywa maji, mengi, usiogope. Kwa aliyejinyima maji miaka kumi, agizo hilo peke yake ni geni.

Kulikuwa na kikwazo cha pili, nacho kilikuwa kigumu zaidi kuliko cha kwanza kwa sababu hakiondolewi kwa fedha. Wanawake wengi hawakujua kwamba wanachougua kina tiba. Waliambiwa wamerogwa, au wamelaaniwa, au ndivyo uzazi ulivyo. Mtu asiyejua kwamba anaweza kupona hatafuti nauli.

Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutumia chombo ambacho hakikuwa cha hospitali hata kidogo. M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tayari vibanda vya mawakala vilikuwa vikichipuka kwenye masoko na stendi za wilayani, mahali ambapo benki haikuwahi kufika. Hospitali, kwa msaada wa mfuko wa hisani wa Vodafone, ikaamua kutuma nauli kwa simu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini haukuanza mapema. Hospitali iliwateua mabalozi mikoani: wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa jamii, watu wa dini, wafanyakazi wa mashirika madogo, na wanawake waliokwisha kupona wenyewe. Balozi akimpata mwanamke anayevuja mkojo, anapiga simu Dar es Salaam. Anaulizwa maswali machache: ilianza baada ya uzazi? Uchungu ulichukua siku ngapi? Ikionekana ni fistula, nauli inatumwa kwenye simu ya balozi, kwa sababu mgonjwa mara nyingi hana simu. Balozi anakwenda kwa wakala, anaweka namba ya siri, anatoa fedha, anakata tiketi na kumpandisha mgonjwa kwenye basi. Hospitali inaambiwa anakuja, na mtu anakwenda kumpokea stendi. Mgonjwa akishafika, balozi anatumiwa kifuta jasho kwa njia ileile.

Kipengele hicho cha mwisho kinafaa kusisitizwa. Fedha ya nauli ikitumwa bila mpango inaweza kupotea kwa njia nyingi, na wafadhili wengi huogopa jambo hilo kiasi cha kuacha kabisa. Hapa asante ya balozi ilisubiri mgonjwa afike. Aliyemsafirisha alikuwa na kila sababu ya kuhakikisha anapanda basi sahihi, harudi njiani, na hashuki Morogoro kwa hofu. Idadi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji CCBRT kwa mwaka ikapanda zaidi ya mara mbili katika miaka michache iliyofuata. Upasuaji ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni tiketi za basi na watu wa kuzikata.

Lakini ingekuwa kosa kuipa simu sifa zote. Simu haikumshawishi mtu yeyote. Aliyemshawishi mgonjwa alikuwa balozi aliyekaa naye kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akamwambia mume na mama mkwe kwamba ugonjwa huu una jina, una daktari, na safari haitawagharimu kitu. Balozi aliyewahi kuugua alikuwa na uzito wa pekee. Alipokuja kijijini akiwa mkavu, amevaa gauni safi, hakuhitaji maneno mengi. Tumaini lilikuwa limekuja na miguu yake.

Na kupona kidonda si kupona maisha yote. Wengine waliachwa na waume zao, wengine walikuwa hawajashika fedha yao wenyewe kwa muda mrefu. Ndiyo maana mwaka 2006, kabla hata ya mpango wa nauli, CCBRT ilianzisha Kituo cha Mabinti jijini Dar es Salaam, ambako wanawake waliotoka kwenye upasuaji wa fistula wanafundishwa kushona, kuchapa vitambaa na kutengeneza bidhaa za kuuza. Mtazamo kama huo unaonekana pia Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika hospitali ya Panzi aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Majeraha yanayotibiwa pale mengi yametokana na ukatili wa vita, na Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Panzi upasuaji huenda pamoja na ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na mafunzo ya kujitegemea, kwa kuwa mgonjwa akirudishwa mikono mitupu kwenye mazingira yaliyomuumiza, daktari atamwona tena.

Tatizo la nauli lina njia mbili za kulitatua: kumleta mgonjwa kwa daktari, au kumsogeza daktari kwa mgonjwa. Historia ndefu ya njia zote mbili ipo Addis Ababa.

Catherine na Reginald Hamlin, mke na mume, wote madaktari wa uzazi, walitoka Australia na kufika Ethiopia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu. Walikuta wanawake wenye fistula wakiwa wamesafiri kwa miguu siku nyingi, wamelala nje ya lango la hospitali. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula peke yake. Reginald alifariki mwaka 1993. Catherine aliendelea mpaka alipofariki Machi 2020 akiwa na miaka 96, na kufikia hapo hospitali ilikuwa imewatibu wanawake zaidi ya 60,000. Mmoja wa wapasuaji wake mashuhuri, Mamitu Gashe, aliingia kama mgonjwa. Hakuwa amesoma shule. Alianza kwa kutandika vitanda na kuwashikia madaktari vifaa, akajifunza kwa macho na kwa mikono mpaka akawa anafanya upasuaji wenyewe na kuwafundisha madaktari waliotoka vyuo vikuu.

Hata hivyo akina Hamlin walifika mahali wakaona kwamba kushona matundu mjini, hata kwa ustadi wa namna hiyo, hakutamaliza foleni. Hospitali tanzu tano zikajengwa mikoani, kuanzia Bahir Dar hadi Harar, ili safari zipungue. Na mwaka 2007 kikafunguliwa chuo cha wakunga, kinachochukua wasichana kutoka vijijini na kuwarudisha kufanya kazi maeneo waliyotoka. Mkunga mmoja anayejua kusoma dalili za uchungu uliokwama, na kumpeleka mama mbele mapema, anazuia upasuaji ambao ungefanywa miaka mingi baadaye.

Hapo ndipo swali la nauli linapogeuka. Kwa mwenye fistula, basi la wiki ijayo linatosha. Kwa mama anayetoka damu sasa hivi, saa nane za usiku, wiki ijayo haipo.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchambuzi ambao hadi leo wakunga na wapangaji wa afya wanautumia kila siku. Walionyesha kwamba mama anayekufa kwa uzazi hukwama mahali patatu. Kwanza nyumbani, kuamua kutafuta msaada. Pili njiani, kufika kwenye kituo. Tatu kituoni, kupata huduma inayofaa. Mwenye uzoefu wa vijijini hahitaji kuelezwa zaidi. Mume yuko machimboni na simu haipatikani. Bila yeye hakuna wa kuuza mbuzi. Mbuzi akiuzwa, gari moja la kijiji limekwenda mnadani. Gari likipatikana, kituo hakina damu.

Tanzania ilijaribu kuishughulikia hatua ya pili, ile ya njiani, kwa kutumia kile ilichokwisha kujifunza kwenye fistula. Kuanzia mwaka 2013, Sengerema mkoani Mwanza na huko Shinyanga, ulianzishwa mpango ambao baadaye ulijulikana kama m-mama. Wazo lake lilianzia kwenye ukweli ambao kila mganga mkuu wa wilaya anaujua: magari ya wagonjwa hayatoshi, na hayatatosha karibuni. Moja liko gereji, jingine limepeleka mgonjwa rufaa mkoani, la tatu halina mafuta. Lakini wilaya hiyohiyo ina teksi, ina Noah, ina pikapu za wafanyabiashara, na wenye magari hayo wanaishi kwenye vijiji vilevile wanavyoishi akina mama.

Madereva wa jamii wakaandikishwa na kupewa mafunzo. Mama au mhudumu wa zahanati anapiga 115, namba isiyotozwa. Simu inapokelewa kwenye kituo cha uratibu na mtaalamu wa afya, siyo karani. Anauliza kwa mpangilio: mimba ina miezi mingapi, anatoka damu kiasi gani, amepata degedege, mtoto ameshatoka, kondo limetoka? Majibu yanaingizwa kwenye programu ya kompyuta, nayo inasaidia kuamua uzito wa dharura na kituo kinachofaa kumpokea. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kumpeleka mama mwenye uchungu uliokwama kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji ni kupoteza saa mbili za uhai wake. Mratibu anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana anampigia dereva wa jamii. Huku gari likiwa njiani, kituo kinachopokea kinapigiwa simu waandae chumba. Mama akifika na kuthibitishwa, malipo ya dereva yanaingia kwenye simu yake kwa kiwango kilichokwisha kukubaliwa.

Kwa hiyo hakuna kupatana bei mlangoni. Mtu aliyewahi kusikia dereva akitaja bei ya usiku wakati mgonjwa analia ndani anajua thamani ya jambo hilo. Na dereva naye ana haki yake: mafuta ni yake, gari ni lake, usingizi ni wake. Mpango unaomtegemea kwa wema peke yake ungedumu mwezi mmoja.

Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo kitaifa jijini Dodoma, kisha ukaenezwa mikoani, Bara na Zanzibar. Katika kipindi hichohicho takwimu zilizotolewa ziliwashangaza wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuwa umeweka vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104.

Namba hizo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Vifo vya uzazi ni vigumu kuvipima kwa njia ya kuhoji kaya, na makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, yanayotumia njia nyingine ya hesabu, yaliiweka Tanzania kwenye 238. Pengo kati ya 104 na 238 ni kubwa mno kupuuzwa, na anayeitaja moja pekee anamnyima msomaji nusu ya habari. Jambo ambalo vipimo vyote viwili vinakubaliana ni mwelekeo: akina mama wanaokufa wanapungua. Wala usafiri hauwezi kudai sifa zote. Katika miaka hiyo hiyo mamia ya vituo vya afya viliongezewa majengo na vyumba vya upasuaji, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kujaribiwa Kigoma tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa kuwafundisha madaktari wasaidizi na wauguzi kufanya upasuaji wa uzazi na kutoa dawa ya usingizi kwenye vituo vya vijijini. Tanzania imewategemea madaktari wasaidizi kwa miongo mingi, na bila wao gari la m-mama lingekuwa linamkimbiza mama kutoka giza moja kwenda jingine.

Hatua ya tatu, ile ya kituoni, ina sura nyingi, na mojawapo ni rafu tupu. Mgonjwa amefika, ameonwa, ameandikiwa, kisha anaambiwa neno ambalo kila Mtanzania amewahi kulisikia dirishani: dawa hakuna, kanunue.

Mwishoni mwa mwaka 2009 jaribio dogo lilifanyika katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Lilihusu dawa mseto ya malaria. Tatizo halikuwa kwamba nchi nzima haina dawa. Mara nyingi ilikuwepo kwenye bohari, au hata kwenye zahanati ya jirani iliyokuwa na ziada, lakini ofisi ya wilaya haikujua nani amepungukiwa mpaka ripoti ya karatasi ifike, na ripoti ilichukua wiki nyingi. Kila Alhamisi vituo 129 vikatumiwa ujumbe wa simu vikiulizwa: mmebaki na dozi ngapi? Mhudumu alihesabu maboksi kwenye rafu na kujibu kwa ujumbe usiomgharimu. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Mganga mkuu wa wilaya akafungua ukurasa mmoja na kuona wapi kumekauka na wapi kumefurika.

Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dozi. Wiki ya 21, idadi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 26. Lindi Vijijini ilimaliza tatizo kabisa. Kigoma Vijijini, yenye barabara ngumu na hali mbaya zaidi tangu mwanzo, bado ilikuwa na karibu nusu ya vituo vyenye upungufu. Tofauti hiyo inafundisha. Ujumbe wa simu unaonyesha rafu iliyo tupu, hauijazi. Palipo na gari, mafuta na ofisa aliye tayari kuhamisha maboksi kutoka zahanati hii kwenda ile, taarifa inakuwa dawa. Pasipo na hivyo, inabaki kuwa taarifa.

Wagonjwa wengi, kwa vyovyote, hawaanzii zahanati. Wanaanzia dukani. Kwa miaka mingi vijiji na miji midogo ya Tanzania ilikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini yakauza kila kitu, antibiotiki zikiwemo, mara nyingi kupitia kwa muuzaji asiye na mafunzo. Serikali ilikuwa na njia mbili rahisi: kuyafunga, au kujifanya haioni. Mwaka 2003 ikajaribu ya tatu, kwa kuanzia mkoani Ruvuma. Wauzaji walifundishwa, majengo yakawekewa viwango, ukaguzi ukaanza, na waliofuzu wakaruhusiwa kisheria kuuza orodha fulani ya dawa zinazohitaji cheti, chini ya jina jipya: duka la dawa muhimu. Utaratibu ukaenea nchi nzima. Bado yapo maduka yanayovunja masharti, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni hatari halisi inayodai ukaguzi wa mara kwa mara. Lakini mama wa Tunduru ambaye mtoto wake ana homa kali usiku alikuwa akienda dukani kabla ya utaratibu huo na anakwenda dukani leo. Tofauti ni kama anayemhudumia amefundishwa au la.

Mifano yote hii inaanzia kwenye udadisi wa aina moja. Mtu fulani hakuridhika na jibu kwamba wagonjwa hawaji kwa sababu ya ujinga au mila. Akafuata njia ya mgonjwa kinyumenyume, kutoka kitandani hadi mlangoni kwake, akihesabu kila shilingi na kila saa. Neno ujinga limewapumzisha wapangaji wengi wa afya mahali ambapo hawakupaswa kupumzika. Mwanamke anayebaki nyumbani na fistula kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na mavuno yake ya msimu amepiga hesabu sahihi kabisa.

Kenya ilijifunza upande mwingine wa hesabu hiyo. Juni 2013 ada za kujifungua zilifutwa katika hospitali za umma, na akina mama wakaja kwa wingi. Wadi zikajaa, wengine wakalala wawili kitandani, wauguzi walewale wakazidiwa na kazi. Baadaye mpango ukahamishiwa kwenye mfuko wa bima ya afya kwa jina la Linda Mama ili kituo kilipwe kwa kila mama kiliyemhudumia, kiweze kununua glavu na kuajiri mtu wa zamu. Kufuta ada kulikuwa uamuzi wa haki. Kilichokosekana siku ile ya kwanza ni mtu wa kuuliza vitanda viko vingapi.

Sasa yapo maswali ya fedha ambayo hayawezi kusubiri. Miradi mingi ya nauli na usafiri wa dharura Afrika Mashariki iliota mizizi kwa fedha za mifuko ya hisani na wafadhili wa nje, na mwaka 2025 ulionyesha wazi, Marekani ilipokata ghafla misaada yake ya afya, jinsi fedha hizo zinavyoweza kutoweka ndani ya wiki chache. Mpango wa m-mama una nafuu kwa sababu tangu kuenezwa kitaifa umewekwa mikononi mwa serikali, na waratibu wake hukaa ndani ya hospitali za umma. Lakini dereva wa Ukerewe au Mpwapwa hajui habari za makubaliano ya Dodoma. Anajua kama safari ya juzi imelipwa.

Halmashauri zinapokaa kupitisha bajeti, mjadala mkali huwa ni wa majengo, kwa kuwa jengo linaonekana na lina jiwe la msingi lenye jina la mtu. Kifungu cha kuwalipa madereva wa dharura, cha muda wa maongezi wa kuulizia akiba ya dawa, cha nauli ya mgonjwa wa rufaa na ndugu anayemsindikiza, hakina jiwe la msingi. Ni fedha ndogo ukilinganisha na zahanati moja mpya, nayo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Madiwani wanaotoka kata za mbali wana hoja ya kuisimamia, na wana takwimu za kuiunga mkono ndani ya wilaya zao wenyewe: daftari la kituo cha uratibu linaonyesha simu ngapi zilipigwa 115 kutoka kila kata, gari lilichukua dakika ngapi kufika, na mama gani alifika akiwa hai. Daftari hilo liombwe kabla ya kikao cha bajeti, lisomwe kata kwa kata, na palipoandikwa kwamba gari halikupatikana paulizwe kwa nini.